Uzi: Natembea kilomita 700, safari zote 25 za mionzi alizopangiwa rafiki yangu

#1 – Mleta uzi

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, nawaomba uvumilivu.

Miezi minne iliyopita nilimzika rafiki yangu. Tulianza urafiki tukiwa na miaka 9, akaondoka tukiwa na 38, na hapo katikati sikumbuki wiki iliyopita bila kuongea naye. Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi.

Wiki ya tatu baada ya mazishi mama yake aliniita nikamsaidie kupanga vitu vyake. Kwenye droo ya kitanda nikakuta kasha la miwani. Marehemu hakuwahi kuvaa miwani. Nilipolifungua nikakuta tiketi za basi zimefungwa kwa mpira wa nywele, zimekaa sawasawa kama noti za benki. Nilizihesabu mara mbili: tiketi 42, kwenda na kurudi, mara 21. Chini yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ameandika 1 hadi 25 kwa kalamu ya bluu, na kila siku aliyopigwa mionzi ameweka alama ya vema. Kati ya namba 8 na 9 ameandika "mashine mbovu, siku sita". Namba nne hazina vema. Pembeni ya kila moja ameandika neno moja kwa herufi ndogo: nauli.

Siku hizo nne nilimpigia simu jioni kama kawaida yetu.
"Umeenda?"
"Nimeenda. Nimechoka tu, tutaongea kesho."

Hela ya nauli nilikuwa nayo. Sina utajiri, ila hiyo nilikuwa nayo hata angenigongea saa nane usiku. Hakuomba. Alikuwa ameshaniomba mara kadhaa, na nadhani kila mara ilimkata kipande. Siku nne alizozikosa zilipangwa zifidiwe mwishoni, na mwishoni figo zilikuwa zimeshaanza kugoma.

Kutoka mlango wa nyumba yao hadi geti la hospitali ni kilomita 14, nimepima. Kwenda na kurudi 28. Mara 25 ni kilomita 700. Nimeamua kuzitembea zote, Jumamosi na Jumapili, hadi ziishe. Zile 21 nitatembea peke yangu, na zile nne alizokosa natafuta watu wa kwenda nami. Michango yote inakwenda kwa shirika linalosaidia wagonjwa wa saratani walio kwenye matibabu, na nimewaomba iwe ya nauli tu, isiguse kitu kingine.

Sijawahi kutembea hata kilomita 10 kwa mpigo. Mwenye uzoefu wa mwili, wa kuchangisha au wa huu ugonjwa, naomba anisaidie.

#2 – Mchangiaji

Pole sana dada. Nimesoma hadi kwenye lile neno "nauli" nikaweka simu chini kwanza.

Naomba kuuliza jambo ambalo wengi watakuwa nalo moyoni na hawatalisema. Hela inapita wapi? Na familia inajua unasimulia haya?

#3 – Mleta uzi

Umefanya vizuri kuuliza, nijibu mapema.

Hela haipiti kwangu hata dakika moja. Shirika limenifungulia namba ya kumbukumbu kwenye akaunti yao, mtu anatuma huko moja kwa moja na risiti inatoka kwao. Kabla ya hapo niliwaandikia barua kuomba ruhusa ya kutumia jina lao, nikasubiri wajibu kwa maandishi. Nawashauri wote wenye wazo kama langu waanze na hiyo barua, hata kama mnamfahamu mkurugenzi. Viatu, maji, simu, vyote ni vya mfukoni mwangu. Mtu akitoa nauli, iende kuwa nauli.

Kuhusu familia: nilikwenda kwa mama nikiwa na maandishi kwenye karatasi, nikamsomea neno kwa neno. Nilikuwa nimeandika "ugonjwa wa muda mrefu". Akanisimamisha. Akasema, "Andika ugonjwa kwa jina lake. Mwanangu alikuwa anaona haya, na zile haya ndizo zilizomchelewesha." Alikuwa anatokwa damu baada ya tendo la ndoa karibu mwaka mzima, akawa anapewa dawa za maambukizi bila mtu kumwangalia ndani, na yeye akishukuru kwamba hakuangaliwa. Mama aliweka sharti moja tu: nisitumie picha yoyote ya kitandani. Nitatumia ile ya harusi ya mdogo wake, anacheka hadi macho yamefumba.

#4 – Mchangiaji

Dada, mimi nilimuuguza mke wangu miezi 14. Sikukatishi tamaa, nasema kwa uchungu uleule ulionao wewe. Kilomita zako hazimfikishi mgonjwa hospitali. Mtu mwenye nguvu za kutembea saa sita anazo saa sita. Kuna mama mmoja anakwenda mionzi peke yake wiki hii, anatapika kwenye basi peke yake. Ungemshika mkono huyo.

#5 – Mchangiaji

Mkuu #4 pole, ila kila mtu anaomboleza kwa njia yake. Mwache dada atembee.

#6 – Mleta uzi

Hapana, msimjibu hivyo. Nimekaa na maneno yake siku mbili na ana haki.

Nilichokiona ni hiki. Nikimshika mkono mtu mmoja, huyo mmoja atafika. Nikitembea na kuomba watu mia mbili, wengi zaidi watafika, ila hakuna atakayewashika mkono. Sijui njia ya kuchagua kati ya haya bila moja kuniuma. Kwa hiyo nimejiandikisha pia kwa lile shirika kusindikiza wagonjwa, kila Jumatano, siku ambayo kazini wameniruhusu kuingia mchana. Nimeanza. Huyo mama sitamsimulia hapa, ni wake mwenyewe.

Asante, kaka.

#7 – Muuguzi wa mionzi, jina kapuni

Nimefanya kazi hii miaka mingi, niongezee kidogo.

Zile 25 za rafiki yako si namba ya kubahatisha. Saratani ya mlango wa kizazi ambayo haiwezi kutolewa kwa upasuaji, mara nyingi hutibiwa kwa mionzi ya nje siku tano kwa wiki, wiki tano, pamoja na dozi ndogo ya kemo (dawa za kuua seli za saratani) kila wiki, halafu mionzi ya ndani. Tunajitahidi mambo yote yaishe ndani ya wiki nane, kwa sababu matibabu yakirefuka sana seli za saratani zinapata nafasi ya kujijenga upya na uwezekano wa kuidhibiti unapungua. Ndiyo maana siku iliyokosekana tunahangaika kuifidia.

Lakini nisikilize vizuri, dada. Usikae usiku unahesabu zile siku nne. Hakuna daktari anayeweza kukuambia kwamba ndizo zilizomwondoa. Ugonjwa uligundulika umechelewa, mashine ilisimama, figo zilikuwa zimebanwa. Usizibebe hizo nne kama zako.

Watakaotembea na wewe, hasa kinamama, waambie hili: karibu saratani zote za mlango wa kizazi zinatokana na kirusi cha HPV, na huchukua miaka mingi, mara nyingi 15 hadi 20, kutoka maambukizi hadi saratani. Miaka yote hiyo ni nafasi ya kuikamata. Kuna kipimo cha kupakwa siki, kuna cha kuchukua ute na kutafuta kirusi chenyewe. Kidonda cha awali kikionekana kinaweza kugandishwa au kuunguzwa, mara nyingi mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Hata hivyo mwaka 2022 wanawake wapatao 350,000 duniani walikufa kwa ugonjwa huu. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo cha uhakika wakiwa na miaka 35 na tena 45, na asilimia 90 ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Rafiki yako alidondoka kwenye kila moja ya hizo tatu.

#8 – Mchangiaji

Mimi ni mtembeaji wa masafa. Dada, Jumamosi na Jumapili mfululizo kwa mtu asiyezoea utaumia kabla ya safari ya sita. Tembea Jumamosi tu. Wiki 25 ni ndefu ila utafika. Kabla ya kuanza jipe wiki nane au kumi: anza na kilomita 6, ongeza taratibu, kila wiki ya nne punguza mwili upumzike. Viatu viwe na nafasi ya kidole mbele, kwa sababu mguu unavimba ukitembea muda mrefu. Soksi zisiwe za pamba, pamba inashika jasho na jasho ndilo linaloleta malengelenge. Ukisikia mahali panapata moto kwenye unyayo, simama hapohapo ubandike plasta. Usiseme nitabandika nikifika.

#9 – Mchangiaji

Mleta uzi amenikumbusha Terry Fox wa Kanada. Alikatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa, akiwa na miaka 18. Kilichomsukuma ni wagonjwa wenzake, wengine watoto, aliowaona kwenye matibabu. Yeye alitoka, akaona hawezi kuondoka tu na kuwasahau. Tarehe 12 Aprili 1980 akaanza kukimbia kuvuka nchi kwa mguu mmoja wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku. Alikwenda siku 143, kilomita 5,373, akasimama karibu na Thunder Bay tarehe 1 Septemba kwa sababu saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alifariki Juni 1981, na miaka 22.

Alitaka dola moja kwa kila Mkanada. Kabla hajafa hesabu ilikuwa imeshavuka dola milioni 24, na nchi ilikuwa na watu kama milioni 24. Ninachotaka ukishike ni kipande cha katikati. Alipokuwa anakatiza jimbo la Quebec alisononeka kwa sababu watu wengi walimpita barabarani bila kujua anafanya nini. Na wewe utafika Quebec yako. Usikatishe.

#10 – Mleta uzi (safari ya 4)

Wakuu, nimerudi. Nilifanya mazoezi wiki tisa kama alivyosema #8, na sasa nimeshatembea safari nne, kilomita 112.

Njiani nimegundua kitu ambacho kwenye basi hakionekani. Kuna mlima. Si mkubwa, kwenye basi unausikia tu gia inabadilika. Kwa miguu unaanza kilomita ya 9 na unakwisha ya 11. Nikakumbuka alivyokuwa akiniambia "pale gari linapolia ndipo tumbo linaponigeuka". Niliongea naye miezi yote ile bila kujua pale ni wapi. Sasa najua. Kila Jumamosi nikifika hapo nasimama, nakunywa maji, naendelea.

Michango imeanza vizuri, karibu robo ya lengo imeingia wiki ya kwanza.

#11 – Mchangiaji (yule wa #4)

Dada, nimechangia. Nina swali kwa shirika: hiyo nauli mgonjwa anaipataje? Mke wangu aliwahi kuambiwa apeleke tiketi ndipo arudishiwe. Ukiambiwa ulete tiketi maana yake unatakiwa uwe na hela kwanza. Asiyekuwa nayo hana tiketi ya kupeleka.

#12 – Mleta uzi

Kaka, umegusa penyewe. Nilikwenda kuwauliza, na kweli ndivyo walivyokuwa wanafanya: risiti kwanza. Nikawawekea mezani kasha la miwani. Nikawaambia huyu ana tiketi 42, mngemlipa zote. Zile nane ambazo hazimo humu ndizo alizozihitaji.

Walibishana mbele yangu, na kwa haki. Mhasibu alisema wakitoa zote mwanzoni mtu anaweza kuzila kwa shida nyingine, akakwama wiki ya tatu. Ni kweli, mgonjwa ana watoto, ana kodi ya nyumba. Mwisho tukafika hapa: kila Jumapili jioni nauli ya wiki nzima inatumwa kwenye simu ya mgonjwa aliyeko kwenye orodha ya mionzi. Haombi, haleti tiketi, hajielezi kwa mtu. Jina likiwa kwenye orodha, hela inakwenda. Asipotokea Jumatatu anapigiwa simu kuulizwa hali, na si kudaiwa.

Toka siku hiyo nikiomba mchango sisemi tena "nisaidieni kupambana na saratani". Nasema nataka mtu asilazimike kuomba.

#13 – Mchangiaji

Mleta uzi, kimya kirefu. Upo?

#14 – Mleta uzi (safari ya 13)

Nipo. Nimefika Quebec.

Wiki tano michango imesimama kabisa. Nilikuwa nabandika picha ya viatu kila Jumamosi kwenye makundi yote ya simu, watu wanaweka alama ya mikono iliyoshikana, basi. Safari ya 12 mvua ilininyeshea kuanzia getini hadi nyumbani na nililia njia nzima, na nikiri kwamba sikuwa namlilia yeye peke yake, nilikuwa najililia mimi. Nilimchukia kidogo kwa kunidanganya kwenye simu. Sikuwahi kulisema hili popote.

Nilipofika nikampigia mama yake, nikamwambia hata hilo. Akakaa kimya, halafu akasema, "Mimi aliniambia anashinda kwako siku hizo." Kwa hiyo siku nne hizo alikuwa mahali, peke yake, akisubiri muda wa kurudi nyumbani ufike. Hatutajua ni wapi.

Kuhusu kuchangisha, mtu mmoja mzoefu alinishauri niache kuomba kundi, niombe mtu. Kwenye kundi kila mmoja anadhani mwingine ameshatoa. Nikaanza kuandika ujumbe mmojammoja, kwa jina, nikimkumbusha kila mmoja namna alivyomfahamu marehemu, na kile marehemu alichokuwa anakisema kuhusu yeye. Naandika watano kila usiku, si zaidi. Wengi wanajibu, na wengine badala ya hela wananitumia hadithi zake ambazo sikuwa nazo. Alimfundisha mtoto wa jirani kusoma. Sikujua. Kiwango kimeanza kupanda tena. Na kazini kwetu wamekubali kuongeza kiasi kilekile kitakachotolewa na wafanyakazi.

#15 – Mchangiaji

Mimi nimekuwa nasoma kimyakimya toka mwanzo. Nina miaka 41, sikuwahi kupima. Baada ya ile ya mama kusema "haya ndizo zilizomchelewesha" nilikwenda. Wamekuta kidonda cha awali, wamekigandisha palepale. Nilikuwa nimeogopa kiti kile kuliko kitu chochote, na ilichukua dakika chache. Nitarudi kuangaliwa tena mwakani.

Jumamosi ya safari ya 22, nahesabiwa.

#16 – Muuguzi

#15, usiache kurudi mwakani. Andika tarehe mahali utakapoiona.

#17 – Mleta uzi (safari ya 22)

#15, niliusoma ujumbe wako nikiwa kwenye basi nikashuka kituo kisicho changu.

Safari 21 za peke yangu zimekwisha. Jana tulikuwa watu 17 kwenye ile ya kwanza kati ya zile nne. Mama alitaka kuja, magoti hayamruhusu, akasema atatusubiri mlimani. Tulimkuta amekaa kwenye kiti alichokuja nacho, kilomita ya 9 kamili, na kasha la miwani mapajani. Tukatembea naye hadi nguzo ya pili ya umeme, akapanda gari kurudi. Tulipofika getini mlinzi aliuliza leo mmekuja na kijiji? Nikamwambia ndiyo.

Na #4 alikuwepo. Hakuniambia kama ni yeye hadi tunaagana.

#18 – Mchangiaji (yule wa #4)

Nilitembea na kitambaa cha mke wangu mfukoni. Asante kwa kutonifukuza siku ile.

#19 – Mleta uzi (safari ya 25)

Nimemaliza, wakuu. Kilomita 700. Tulikuwa watu 43. Ukucha wa kidole gumba cha kushoto umeng'oka na sijali.

Hesabu zote shirika limezibandika kwenye ukurasa wao, jina la mchangiaji na kiasi, na kwa waliotaka kufichwa limewekwa neno "rafiki". Lengo limevuka kidogo. Hela ya kazini inaingia mwisho wa mwezi.

Ile karatasi ya 1 hadi 25 nilimrudishia mama jana jioni. Aliifungua juu ya meza, akachukua kalamu, akanipa. Nikamwambia hapana mama, zile si za kwangu kuweka vema, yeye hakufika siku hizo. Akaiangalia muda mrefu, akaikunja vilevile mara nne, akairudisha kwenye kasha. Nadhani alitaka kuona kama nitaweka.

Jumatano naendelea kusindikiza kama kawaida.

Leo ni Jumapili. Mhasibu amenipigia saa moja jioni kunijulisha kwamba ujumbe wa nauli ya wiki umekwenda kwa wanawake 11.